Ngumi Chini ya Shuka

Siku Sajini Mkude aliponimwagia ndoo ya damu ya ng'ombe, nilikuwa nimetoka kusukwa nywele. Naanza na hilo kwa sababu hata leo likinijia nakasirika kwanza, ndipo nakumbuka mengine. Shangazi yangu alikuwa ameteremka kutoka Mbulumbulu na gunia la maharage ya kuuza Karatu, akapitia bwenini kwetu, akanisuka mistari myembamba iliyonyooka. Tulikaa barazani tukicheka na kutafuna mahindi ya kuchoma. Mchana tukaitwa uwanjani, na muda si mrefu nikawa nimelazwa juu ya mabua makavu, damu kutoka machinjioni inanichuruzika masikioni, na yule baba amesimama juu yangu anawauliza wenzangu, "Huyu katobolewa wapi? Msimtazame, damu itawadanganya. Mtafuteni kwa mikono."

Tulikuwa wanafunzi wa uganga, mwaka wa pili, katika chuo kidogo nyuma ya hospitali. Sisi si askari. Tulikuwa tukisomea malaria, kuhara, kuzalisha, na namna ya kuchemsha sindano. Lakini vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha, askari walikuwa wanarudi, na mtu fulani huko juu aliamua kwamba wanafunzi wa uganga nao wajue tiba ya vitani, heri wajue wasiitumie. Ndipo tukaletewa Sajini Mkude, mganga wa jeshi, Mluguru mfupi mwenye sauti ya chini. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole viwili. Fundo alilikaza kwa meno.

Mwenzangu wa mazoezi alikuwa Saning'o. Alitoka boma moja ng'ambo ya Nainokanoka, juu kabisa kwenye nyanda za Ngorongoro, mrefu hadi miguu ilining'inia nje ya kitanda cha bweni. Mimi ni Mwiraqw, yeye Mmaasai, kwa hiyo tulitaniana tangu siku ya kwanza. "Babu zenu walichimba nyumba ardhini kama nungunungu, kwa kutuogopa sisi," alisema. Nami nikamjibu, "Walichimba kwa sababu babu zenu walikuwa wezi. Hebu geuza mfuko wako tuone kama kalamu yangu haimo." Haki ya Mungu, ilikuwemo.

Siku ile ya damu, kazi ya Saning'o ilikuwa kunifunga paja kwa kitambaa na kijiti ili damu isipite. Alifunga vizuri tu, nadhifu. Sajini akainama, akanigusa mguuni kwa kidole, akatikisa kichwa.

"Mshipa bado unapiga. Kwenu mnamfungaje ng'ombe mkitaka damu yake?"

Saning'o akaeleza. Kwao wakitaka damu ya kunywa, humfunga dume shingoni kwa ukanda wa ngozi mpaka mshipa uvimbe, wakautoboa kwa mshale mdogo, damu ikaruka ndani ya kibuyu. Ukanda ukilegezwa damu inakoma, na ng'ombe anarudi malishoni.

"Ndivyo ulivyomfunga huyu," Sajini akasema. "Damu inaingia mguuni, haina njia ya kurudi, itatokea kidondani kwa wingi zaidi. Umemfunga ili umkamue. Mimi nataka mguu ufe, mtu abaki."

"Nitajuaje kama imetosha, afande?"

"Zungusha kijiti mpaka akutukane. Akikutukana, umekaza sawasawa, na ujue huyo atafika hospitali. Na ukishafunga, hufungui. Akulilie, akuombe, hufungui mpaka kwa daktari."

Saning'o akazungusha. Jamani, yale maumivu! Nilimtukana kwa Kiiraqw tusi ambalo shangazi angelisikia angenifumua nywele zote. Darasa zima likacheka, na Sajini naye akacheka, mara ya kwanza tangu aje.

Alitufundisha mengine. Kwamba kuna mahali mwili hauna pa kufungia: shingoni, kwapani, kwenye kinena na nyonga. Hapo unasukumiza kitambaa ndani ya kidonda, unaweka ngumi juu yake, unalala na uzito wako wote, na hutoi ngumi. Na kwamba ukifika mahali penye majeruhi wengi, usimkimbilie anayepiga kelele. "Anayelia anapumua. Msikilize, kisha mpite. Nenda kwa aliyenyamaza."

Saning'o akanyoosha mkono. "Na kama hakuna anayelia?"

"Sijaona vita visivyo na kelele, kijana."

Saning'o akashusha mkono. Mimi nilidhani anatania.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuharibika. Wizi wa ng'ombe ulikuwepo siku zote, wa mikuki na mishale, mtu mmoja anakufa, wazee wanakaa, mambo yanaisha. Sasa walikuja watu wenye bunduki za kivita. Walitoka wapi, sikuwahi kujua; kila mtu alikuwa na wake wa kumshuku. Bunduki zilikuwa zimezagaa baada ya vita, zinauzwa kama majembe. Walipiga boma moja upande wa Malambo, wakapiga jingine karibu na Digodigo, wakachukua mifugo na kuchoma walichokiacha. Majeruhi wakaanza kuletwa kwetu kwenye malori ya ngano. Niliona mwanamke mwenye taya iliyovunjwa na risasi, akijaribu kunieleza mtoto wake yuko wapi. Niliona mzee aliyetembea na utumbo wake ameushikilia ndani ya kibuyu kilichopasuliwa. Tulichokuwa tukichezea kwa damu ya machinjioni tukakifanya kwa damu ya watu, na mikono ikazoea haraka kuliko moyo.

Kisha asubuhi moja redio ya hospitali ikaita. Walinzi wa hifadhi walisema boma limepigwa alfajiri, ng'ambo ya Nainokanoka. Daktari alikuwa na mtu mezani, tumbo wazi, hawezi kutoka. Akamwambia Sajini achukue Landrova na wanafunzi wawili: mmoja anayejua Kimaasai na mwenzake wa mazoezi.

Saning'o alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia jina la mahali. Alikwenda kuvaa viatu.

Tukapanda. Ukungu ulikuwa mzito kwenye kingo za kreta, dereva anaendesha amechungulia nje ya dirisha.  Najua Saning'o alikuwa anafikiria mama yake, na ndugu yake mdogo Lemayani, ambaye ndiyo kwanza alikuwa morani. Alinionyesha picha yake mara moja, kijana mwenye nywele ndefu za kupakwa rangi nyekundu, amekunja uso kama amekosewa.

Tulinusa boma kabla hatujaliona. Samadi iliyoungua, ngozi iliyoungua, na harufu nyingine. Kwenye lango la miiba walilala wanaume wawili. Mmoja alikuwa amepigwa usoni kwa karibu, na uso haukuwepo. Wa pili mkono wake ulikuwa bado umeshika mkuki, umekatika kwenye kiwiko, umelala kando yake. Ndama walikuwa wanazunguka wakilamba matumbo ya mama zao waliopigwa risasi. Wanawake walikuwa wamekaa pamoja ndani, na mama yake Saning'o alikuwa miongoni mwao, mzima. Alimwona mwanawe akanyoosha kidole kuelekea ua. Hakuinuka.

Kando ya ua walikaa morani. Walikuwa wamekaa wima, migongo kwenye miiba, mashuka mekundu yamewafunika hadi mabegani. Hakuna aliyelia. Hakuna aliyegugumia. Upepo tu na wale ndama.

Sajini akasimama katikati ya boma, kichwa ameinamisha upande, anasikiliza.

Nilimwona akichanganyikiwa. Mtu aliyetambaa chini ya mizinga, amesimama pale hajui aanzie wapi. Akaenda kwa mmoja aliyekuwa amelala chini, akapiga magoti, akamgeuza. Alikuwa amekwisha kufa. Na wakati Sajini bado amepiga magoti, kijana mmoja kati ya wale waliokaa wima, aliyekuwa anatutazama kwa macho makavu kabisa, akaanguka ubavu taratibu. Mgongoni alikuwa na tundu la kuingia ngumi. Shuka lake lilikuwa jekundu toka dukani. Damu ilikuwa imelijaa lote, na sisi hatukuiona.

"Sajini!" Saning'o akapiga kelele. "Hapa hakuna atakayelia! Hawa walitahiriwa bila kupepesa jicho, ukipepesa unawaaibisha hadi waliokuzaa. Watakufa wamekaa hivihivi! Tuwashike!"

Sajini aliinuka palepale. Namheshimu kwa hilo. Hakubishana hata kidogo. "Mikono!" akasema. "Chini ya kila shuka. Kila mmoja."

Tukaingiza mikono. Ile ndiyo kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Unaingiza mkono chini ya kitambaa cha mtu anayekutazama kwa heshima, unapapasa, na vidole vinazama mahali pasipopaswa kuwa na nafasi. Mmoja hana kitu, mkwaruzo tu. Wa pili kifua kimetobolewa, kinavuta upepo. Wa tatu ni Lemayani.

Risasi ilikuwa imempasua juu ya goti. Rika lake walikuwa wamemfunga tayari, kwa ukanda wa ngozi, ule ule wa shingo ya dume. Walikaza kama walivyozoea. Damu ilikuwa inaruka kwa mapigo.

"Wamemkamua," Saning'o akasema kwa sauti ndogo. "Wamemkamua ndugu yangu."

Yeye akabana kinena kwa kiganja, mimi nikatoa kitambaa na kijiti. Nikazungusha. Lemayani akanitazama, jasho limemjaa juu ya mdomo, meno yameumana. Nikazungusha tena, damu ikakoma. Hakunitukana. Nikaongeza, kwa woga wangu tu, naye akafumba macho.

Tukaanza kupakia. Sajini alikwishamweka mbele yule wa tundu la kifuani. Saning'o alimshika Lemayani kwapani, mimi miguu.

Ndipo bunduki zikalia.

Wale wezi walikuwa wamezuiwa mbele, wakarudi na ng'ombe kwa njia ileile. Wakatukuta kwenye lango la boma.

Niliona majani yakiruka. Nikajitupa juu ya mguu wa Lemayani.

Dereva akawasha gari.

Mwanamke mmoja akapiga ukelele, mmoja tu, ukakatika.

Saning'o akaanguka kwa goti moja, akiwa bado amemshika ndugu yake. Akainuka. "Nimeteleza," akasema. Akamsukuma Lemayani ndani, akaokota shuka jekundu lililokuwa chini, la yule kijana aliyeanguka ubavu akafa, akajifunga kuanzia mabegani, akapanda. Mvua ya ukungu ilikuwa imeanza. Mtu akijifunika kule juu, huulizi kwa nini.

Tukaondoka. Risasi zikatufuata hadi kwenye kona, kisha hazikusikika tena.

Landrova ile nyuma haikuwa na viti. Lemayani alilala sakafuni. Kijiti kilikuwa kinateleza kila tukiruka shimo, kwa hiyo nilikishika kwa mikono miwili, goti langu juu yake. Saning'o alikaa ameegemea bati, kichwa cha ndugu yake juu ya paja. Mkono mmoja ulikuwa kwenye paji la Lemayani. Mwingine ulikuwa chini ya shuka.

"Paulina," akasema, "ukifika usimwambie shangazi yako umeshika mguu wa Mmaasai."

"Nyamaza bwana, nashika kijiti."

"Shika. Hata huyu akikuomba, usikiachie. Hata mimi nikikuomba."

"Wewe uniombe kwa nini?"

"Nasema tu. Hata mimi."

Baadaye Lemayani akafumbua macho, akamwambia kaka yake maneno kwa Kimaasai, mengi, kwa haraka, sauti inapasuka. Yalikuwa maneno ya kwanza kutoka kinywani mwake tangu tumpate. Saning'o alimsikiliza, akatikisa kichwa mara moja, akazidi kumsikiliza. Kisha akatabasamu, tabasamu pana, meno yote, kama siku ile ya kalamu.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anakusalimia."

Huo ndio uongo wake wa mwisho kwangu. Alinitania kidogo tena, kitu kuhusu nywele zangu, maneno yanakuja moja moja. Halafu akaegemeza kichwa. Tulikuwa tunateremka, ukungu umebaki juu yetu, msitu unatiririka maji pande zote.

Kwenye lango la hifadhi dereva akasimama. Sajini akaja nyuma kutukagua. Alikuwa amejifunza: hakuuliza nani anaumwa, aliingiza mkono chini ya kila shuka. Kwa Lemayani akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Kwa Saning'o mkono wake ukasimama.

Akafunua.

Risasi ilikuwa imeingia juu ya nyonga, mahali pasipofungika. Ngumi ya Saning'o ilikuwa ndani ya kidonda, imefuata kila kitu tulichofundishwa, kitambaa cha shati kimesukumizwa na ngumi juu yake, amejikunja ili uzito ulale hapo. Vidole vilikuwa vimekwisha kukakamaa. Sajini alijaribu kuvitoa, halafu akaacha.

Alishuka, akakaa kwenye matope ya langoni, na ule mkono wake wa vidole viwili kichwani. "Kwa nini hakusema?" akauliza. "Kwa nini hakusema, jamani?"

Nilijua kwa nini. Kwenye gari kulikuwa na mikono yangu miwili. Mbele, mikono ya Sajini ilikuwa kwenye kifua cha yule mwingine. Angesema, ningeachia kijiti. Ningemwendea yeye, bila hata kufikiri, na Lemayani angekwisha kabla ya msitu. Alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko sisi sote. Alilijua hilo tangu pale alipopiga goti.

Lemayani alikatwa mguu juu ya goti, akaishi. Daktari aliniita kando, akaniambia kidonda kama kile cha Saning'o, kwa umbali ule, kisingeponyeka hata ningekuwa na mikono minne. Aliniambia kwa wema. Nilitaka kumrushia beseni. Sikuwa na hatia na sikuitafuta. Nilikuwa na hasira, na niseme kweli, ilikuwa ni kwake yeye Saning'o. Ulinidanganya. Ulinitania njia nzima huku unakufa, na mimi nikakuambia nyamaza.

Ng'ombe hawakuonekana. Wezi nao hawakuonekana. Mashambulizi yaliendelea muda fulani, kisha askari wakapelekwa juu, yakapungua, yakaisha bila mtu kusema yameisha. Sajini Mkude alimaliza somo lake nasi. Ile kanuni ya kelele hakuifundisha tena. Siku ya kuondoka alinipa mkono wa kulia, akageuka akapanda lori.

Nimefundisha uganga maisha yangu yote ya kazi. Wanangu wa darasani wananiona mkali, na ni kweli. Nimestaafu mwalimu mkali.

Nilimkuta Lemayani mnadani Karatu, mtu mzima sasa, fimbo ya kwapani upande mmoja, anabishana bei ya dume. Alinitambua kabla sijamtambua. Tulikaa kwenye benchi la muuza chai. Hakulitaja jina la kaka yake. Kwao jina la aliyekufa halitajwi. Hata mama yao, aliyenyoa nywele zake siku ile, hakulitamka mpaka anazikwa.

"Mwalimu," akasema, "yule wetu alikuambia nini njiani?"

"Kwamba nisiachie kijiti."

Alizungusha kikombe mkononi muda mrefu. "Mimi nilimwomba afungue. Akakataa. Nikamtukana. Mwalimu, nilimtukana vibaya, matusi ya kumtaja mama aliyetuzaa wote. Niliona kwamba ananiua. Yakawa ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake." Uso ule uliokunjamana kwenye picha ulikuwa umekunjamana tena. "Miaka yote hii najiuliza alikwenda na matusi yangu."

Nikaweka kikombe chini.  Niliona lile tabasamu, meno yote.

"Ulimtukana alipotabasamu?"

"Alitabasamu, ndiyo. Sikuelewa kwa nini."

Nikamweleza basi. Ndoo ya damu, kijiti, paja langu, tusi langu la Kiiraqw na darasa lililocheka. Zungusha mpaka akutukane. Akikutukana, ujue huyo atafika hospitali. Nilieleza polepole, nikarudia, kwa sababu nilitaka asikie kila neno.

"Alikuwa anasubiri tusi lako," nikamwambia. "Saning'o alikuwa anakufa, na akasikia kwamba wewe utaishi."

Alishtuka nilipolitaja jina. Akatazama huku na huku, watu wanapita na mbuzi wao. Hakunikataza. Aliinamisha kichwa juu ya ile fimbo, na mtu yule aliyekaa kimya wakati mguu wake umepasuliwa na risasi akalia, pale mnadani, mbele ya watu, kwa sauti.

Nikamwacha alie. Nikamshika mkono.